UFUNDI KIJIJINI: Kiungo cha antena nacho hutiwa kalafati

Mwezi huu tutazungumza juu ya redio. Hatutafungua redio yenyewe. Tutaangalia waya wake wa nje, yaani antena. Tena tutaangalia mahali padogo tu katika antena hiyo. Ni mahali waya mmoja unapoungana na waya mwingine. Mahali hapo tutapaita kiungo.

Kiungo ni kidogo kama kidole gumba. Lakini kikioza, redio nzima hunyamaza. Mwenye redio hudhani redio imekufa. Hununua betri mpya, sauti isirudi. Hupeleka redio kwa fundi, fundi asione ubaya. Kumbe ubaya uko juu ya mlingoti, ndani ya kiungo kilicholowa maji.

Leo tutajifunza namna ya kukifunga kiungo hicho ili maji yasiingie. Vifaa vyake ni vichache. Vingi vinapatikana kijijini.

MFANO WA MOA

Moa ni kijiji cha pwani. Kiko wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Watu wengi wa huko hutegemea bahari.

Mahali kama Moa, redio ndogo ya mkono haitoshi kila wakati. Minara ya redio iko mbali. Mawimbi ya FM huenda karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Kilima huyazuia. Miti mingi huyapunguza nguvu. Kwa sababu hiyo watu hutengeneza antena wenyewe na kuipandisha juu ya mlingoti. Antena ikiwa juu, redio husikia mbali zaidi.

Lakini pwani ina adui wawili wa antena. Adui wa kwanza ni mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa baharini hubeba chumvi na kuipaka kila kitu. Angalia misumari ya mapaa ya pwani. Angalia baiskeli. Kutu hula upesi kuliko bara. Waya wa antena nao huliwa hivyo hivyo.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mvuvi mmoja wa Moa ana redio. Alitengeneza antena yake mwaka jana. Mpwa wake ni fundi wa redio mjini Tanga. Siku moja mpwa anakuja kumsalimu.

Mpwa: Hodi! Shikamoo mjomba.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Karibu. Habari za mjini?

Mpwa: Nzuri mjomba. Mbona redio yako inakoroma?

Mjomba: Imezeeka hiyo. Jua likiwaka siku mbili tatu, inasema vizuri. Mvua ikinyesha, inakoroma tu. Nadhani ninunue nyingine.

Mpwa: Usinunue kwanza mjomba. Redio inayojua mvua na jua si mbovu. Kibovu ni kitu kilicho nje, kinacholowa na kukauka. Twende tukaone mlingoti.

Wanaulaza mlingoti polepole. Kwenye kiungo pamefungwa kipande cha nailoni na kamba. Mpwa anakata kamba. Maji yanadondoka kutoka ndani ya nailoni. Waya wa shaba umekuwa wa kijani.

Mjomba: Ajabu! Nami nilikifunga vizuri kabisa.

Mpwa: Ulikifunga mjomba, lakini hukukiziba. Maji yalipita kwa juu, kati ya waya na nailoni. Yalipofika chini yakakosa pa kutokea. Basi kiungo chako kimekaa ndani ya maji kama samaki. Mjomba, mashua yako inapovuja, unaifunga nailoni?

Mjomba: (anacheka) La! Mashua hutiwa kalafati.

Mpwa: Basi kiungo nacho hutiwa kalafati yake.

Maneno ya mpwa huyu ni ya kweli. Kila mtu wa pwani anaijua kalafati. Fundi wa chombo huchukua pamba, huiloweka mafuta, kisha huipigilia katika nafasi zilizo kati ya mbao. Haachi nafasi hata moja. Anajua kwamba maji hayahitaji mlango mkubwa. Tundu la sindano linatosha kuzamisha chombo. Antena nayo ni hivyo hivyo.

KWA NINI KIUNGO HUOZA?

Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kutu. Shaba safi hung'aa. Maji yenye chumvi yakiigusa kwa muda mrefu, hufanya kutu ya kijani. Kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Sauti ya redio huja kwenye waya ikiwa umeme mdogo mno. Umeme huo mdogo hauwezi kuvuka kutu.

Sababu ya pili ni madini mawili tofauti kugusana. Watu wengine hutengeneza antena kwa bomba la alumini, kisha hulifunga kwa waya wa shaba. Shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Utaona unga mweupe mahali zilipogusana. Baada ya muda bolti hulegea na kiungo hucheza. Ukiweza, tumia shaba peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama bomba lako ni la alumini, usiweke shaba juu yake moja kwa moja. Weka kati yake washa ya chuma kisichoshika kutu, kisha ukaze na kuziba vizuri.

Sababu ya tatu ni kebo kunywa maji. Kebo ni ule waya mnene unaoshuka kutoka kwenye antena hadi ndani ya nyumba. Ukiikata utaona waya mmoja katikati. Waya huo umezungukwa na plastiki nyeupe. Juu ya plastiki kuna wavu wa nyaya nyembamba. Juu ya wavu kuna ngozi ya nje. Mahali kebo inapokatwa tutapaita mdomo wa kebo.

Fikiri juu ya kibatari. Utambi huchovya ncha moja tu katika mafuta ya taa. Lakini mafuta hupanda mpaka juu. Wavu wa kebo hufanya kama utambi. Mdomo ukilowa, maji husafiri ndani ya wavu. Huweza kufika mbali sana na kiungo. Huko ndani jua haliyakaushi. Wavu hugeuka mweusi na kebo huharibika.

Maji yakishaingia ndani ya kebo, hayatoki kwa urahisi. Kwa hiyo kazi yetu ni kuyazuia yasiingie.

ANTENA YENYEWE

Antena rahisi ya FM hutengenezwa kwa vipande viwili vya waya wa shaba. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 75 hivi. Kimoja huelekea kulia, kingine huelekea kushoto. Visigusane. Vifunge kwenye ubao mkavu au kwenye bomba la plastiki.

Katikati ndipo kebo inapofungwa. Waya wa katikati ya kebo huungwa na kipande cha kwanza. Wavu wa kebo husokotwa pamoja, kisha huungwa na kipande cha pili. Basi hapo pana viungo viwili na mdomo mmoja wa kebo. Hapo ndipo penye kazi yetu ya leo.

Upande wa ndani ya nyumba, waya wa katikati ya kebo hufungwa kwenye antena fupi ya redio.

VIFAA

Tafuta vifaa hivi:

1. Kisu kikali.
2. Koleo.
3. Kipande cha msasa.
4. Tepu nyeusi ya mafundi umeme.
5. Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Huu ndio mpira ambao watoto hukata manati.
6. Mafuta ya mgando kidogo, yale ya kujipaka mwilini.
7. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa.
8. Kitambaa kikavu na uzi imara.

NAMNA YA KUFANYA

Hatua ya 1: Chagua siku kavu.
Usifanye kazi hii wakati wa mvua. Usiifanye alfajiri wakati kuna umande. Anza jua likishapanda. Kama waya umelowa, uanike kwanza. Ukiziba kiungo kibichi, umefungia maji ndani. Hilo ni baya kuliko kutoziba kabisa. Kiungo kilicho wazi hukauka jua likitoka. Kiungo kibichi kilichozibwa hakikauki.

Hatua ya 2: Kata sehemu iliyoharibika.
Chuna ngozi ya nje ya kebo. Angalia wavu. Ukiwa mweusi au wa kijani, kata sentimita 10 za kebo, kisha chuna tena. Endelea hivyo mpaka uone shaba inayong'aa. Usione uchungu kukata. Kebo fupi iliyo nzima ni bora kuliko ndefu iliyooza.

Hatua ya 3: Safisha.
Sugua ncha zote za waya kwa msasa. Sugua mpaka zing'ae kama sufuria mpya. Baada ya hapo usizishike kwa mikono yenye jasho au mafuta ya samaki. Jasho nalo lina chumvi.

Hatua ya 4: Unga na kaza.
Sokota waya juu ya waya, mizunguko 6 au zaidi. Kaza kwa koleo. Vuta uone kama kiungo kinacheza. Kikicheza, rudia. Kama kuna fundi wa kulehemu, mwambie akilehemu. Lakini asitumie maji ya betri kusafishia shaba. Maji ya betri ni asidi. Asidi ikibaki ndani, itakula waya polepole.

Hatua ya 5: Geuza mdomo wa kebo uangalie chini.
Usiache mdomo ukiangalia mbinguni. Mtungi ulioachwa wazi huingia mvua. Mtungi uliofudikizwa hauingii. Ikunje kebo kidogo na kuifunga kwenye ubao ili mdomo wake uelekee chini.

Hatua ya 6: Paka mafuta ya mgando.
Paka kidogo tu, juu ya shaba peke yake. Mafuta haya hufukuza maji. Kisha chukua kitambaa ufute pembeni, juu ya ngozi ya kebo. Tepu haishiki penye mafuta. Tena mafuta haya hulainisha mpira na kuuharibu. Kwa hiyo yasiguse mpira tutakaoufunga baadaye.

Hatua ya 7: Zungusha tepu ya kwanza.
Hapa mkumbuke fundi wa makuti. Yeye huanzia wapi? Huanza chini, kwenye upenu. Safu ya pili huilalia ya kwanza. Ya tatu huilalia ya pili. Hivyo hivyo mpaka juu. Mvua ikinyesha, maji hushuka juu ya makuti bila kupata pa kuingia. Angeanza juu akashuka, nyumba ingevuja siku ya kwanza.

Tepu nayo huanzishwa chini. Anza kwenye ngozi nzima ya kebo, sentimita 5 chini ya kiungo. Panda ukizungusha. Kila mzunguko ulalie nusu ya mzunguko uliopita. Vuta tepu kidogo ili ishike. Lakini mzunguko wa mwisho usiuvute. Tepu iliyovutwa mwishoni hujirudi yenyewe na kufunguka. Hakikisha mdomo wote wa kebo umefunikwa.

Hatua ya 8: Funga mpira.
Kata mpira wa baiskeli uwe ukanda mrefu wenye upana wa sentimita 2. Uoshe na kuukausha. Uzungushe juu ya tepu, kutoka chini kwenda juu, kama ulivyofanya kwanza. Hapa vuta kwa nguvu. Mpira uliovutwa hubana na kujaza kila nafasi. Hii ndiyo kalafati yetu. Funga ncha yake kwa uzi.

Hatua ya 9: Zungusha tepu ya pili.
Jua kali hupasua mpira. Kwa hiyo ufunike wote kwa tepu nyeusi. Anza tena chini, maliza juu.

Hatua ya 10: Vika kofia.
Kata chupa ya plastiki katikati. Chukua nusu yenye kitako. Kifudikize juu ya kiungo kama kofia, kitako kiwe juu. Kata nafasi ndogo pembeni ili nyaya zipite. Ifunge kofia kwenye mlingoti ili upepo usiichukue. Upande wa chini uache wazi. Usiuzibe. Usiku hewa hupoa na kufanya majimaji ndani ya chupa. Majimaji hayo lazima yapate pa kudondokea.

Hatua ya 11: Shusha kebo kabla ya kuiingiza ndani.
Kebo isiingie dirishani ikitoka juu moja kwa moja. Maji yatateremka juu yake mpaka mezani kwako. Ishushe kwanza chini ya tundu, kama shubiri moja. Kisha ipandishe iingie ndani. Maji yakifika kwenye mbinuko wa chini yatadondoka hapo nje.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie nta ya mshumaa. Jua la mchana huiyeyusha. Usiku hupasuka.

Usipake mafuta ya nazi wala ya kupikia. Huchacha, na huita sisimizi na panya. Panya akionja kebo, kazi yote imepotea.

Madukani kuna dawa ya kuzibia iitwayo silikoni. Ni nzuri, lakini kuna aina yenye harufu kali ya siki. Harufu hiyo ni asidi. Usiiweke juu ya shaba iliyo wazi. Ukiwa nayo, ipake juu ya tepu tu.

Usifunge nailoni peke yake. Mfano wa mjomba tumeuona.

HATARI ZA MLINGOTI

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili.

Mlingoti usisimamishwe karibu na waya za umeme. Pima hivi. Fikiri kwamba mlingoti umeanguka. Je, ungefika kwenye waya za umeme? Kama ungefika, uhamishe. Watu hufa kwa kosa hili.

Ukisikia ngurumo, usipande juu wala usiushike mlingoti. Kuziba kiungo hakuzuii radi. Chomoa kebo kwenye redio mapema, kabla dhoruba haijafika. Iache nje ya nyumba. Kama dhoruba imeshafika juu yako, usiiguse tena.

Ukipanda kutengeneza, usiwe peke yako. Mtu mmoja ashike ngazi. Bora zaidi ni kuulaza mlingoti chini, kama alivyofanya mjomba na mpwa wake.

UKAGUZI

Kiungo kizuri nacho huchakaa. Kikague mara mbili kwa mwaka. Kikague mwezi wa Februari, kabla ya masika. Kikague tena mwezi wa Septemba, kabla ya vuli. Angalia kama tepu imefunguka, kama mpira umepasuka, na kama kofia bado ipo. Ifute antena kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha iache ikauke.

Kati ya ukaguzi, isikilize redio yenyewe. Itakuambia:

Sauti ikipotea wakati wa mvua na kurudi wakati wa jua, kiungo kinaingia maji.

Sauti ikikatika upepo ukivuma, kiungo kimelegea.

Sauti ikipungua polepole mwezi hata mwezi, kutu imeanza.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Labda msomaji mwingine atasema, "Kazi yote hii kwa ajili ya kusikiliza muziki?"

La, si muziki tu. Nchi yetu imejifunza mengi kwa redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu, kisha wakajadiliana juu ya afya ya vijiji vyao. Wengi wao walikuwa wamejua kusoma karibuni tu.

Na kwa mtu wa bahari kuna jambo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ilitoa taarifa na kuwataka watu wa pwani wachukue tahadhari. Tarehe 4 Mei kimbunga kilipoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Je, Mei ni majira gani? Ni masika. Ndiyo majira ambayo kiungo kibovu hulowa na redio hukoroma. Redio hunyamaza siku ile ile ambayo mvuvi anaihitaji zaidi.

TMA hutumia maneno matatu na rangi tatu. Yajue:

Angalizo, rangi ya njano. Hali mbaya inaweza kutokea. Uwe macho.

Tahadhari, rangi ya chungwa. Hali ni mbaya zaidi. Jiandae kuchukua hatua.

Tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Kuna hatari kubwa. Chukua hatua mara moja.

Kwa wavuvi, tangazo mara nyingi hutaja kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, fikiri juu ya ngalawa yako. Mita 2 ni zaidi ya urefu wa mtu mzima. Samaki wa siku moja hawafai kulipia roho.

Simu nayo huleta taarifa. Lakini simu ina mwenyewe mmoja, na huzimika chaji. Redio moja ikifunguliwa ufukoni, chombo kizima cha mabaharia husikia. Kikundi cha wavuvi kinaweza kusimamisha antena moja nzuri penye soko la samaki, na kuwachagua watu wawili wa kuikagua.

Turudi kwa mjomba na mpwa wake. Kiungo kimetengenezwa. Mlingoti umesimama. Redio inasema wazi.

Mjomba: Mwanangu, sasa naisikia kama mtu aliyekaa barazani.

Mpwa: Alhamdulillahi. Lakini mjomba, siku zile redio ilipokuwa inakoroma, ulikuwa unakwenda baharini?

Mjomba: Nikienda. Sikusikia tangazo lolote la hatari, nikasema bahari ni shwari.

Mpwa: Hapo ndipo penye hatari mjomba. Redio iliyonyamaza haikusema kwamba bahari ni shwari. Haikusema kitu.

Mjomba ananyamaza kidogo. Kisha anaingia ndani na kutoka na mpira mwingine wa baiskeli. Anasema jirani yake naye ana antena, nayo imefungwa nailoni.

KUMBUKA

Kiungo kiwe kikavu kabla ya kukiziba.

Kiwe safi na kikazwe.

Anza chini, panda juu, kama kuezeka makuti.

Mdomo wa kebo uangalie chini.

Acha njia ya maji kudondoka.

Kikague kabla ya masika na kabla ya vuli.

MASWALI YA KUJADILI

Someni maswali haya pamoja katika kikundi chenu.

1. Redio ya mjomba ilikuwa inakoroma wakati gani? Hilo lilimwonyesha mpwa nini?
2. Kwa nini nailoni ya mjomba haikuzuia maji?
3. Wavu wa kebo unafanana vipi na utambi wa kibatari?
4. Kwa nini tepu huanzishwa chini na si juu?
5. Maneno matatu ya TMA ni yapi, na kila moja lina rangi gani?
6. Katika kijiji chenu, tangazo la hatari likitoka usiku, wavuvi walio ufukoni watalisikiaje? Kuna redio ngapi zinazosikika vizuri wakati wa mvua? Nani atazikagua?

Swali la 6 halina jibu katika gazeti hili. Jibu lake liko kijijini kwenu. Kaeni mlitafute kabla ya masika.